Sindano Naam, Pakiti za Unga Bado: Wiki Sita katika Kliniki ya Tiba ya Kichina, Kilimani

Kwa wiki sita mfululizo, kila Jumanne saa nne asubuhi, nimekuwa nikipanda ngazi za jengo moja la Kilimani, si mbali na barabara ya Argwings Kodhek, nikalala kifudifudi juu ya kitanda chembamba na kuchomwa sindano kumi na mbili kiunoni na miguuni. Siku ya kwanza nililipa shilingi 1,500 za kumwona daktari, na kila kikao kilinigharimu shilingi 3,000, zote kutoka mfukoni mwangu, wala hakuna aliyejua kwamba nitaandika. Kliniki yenyewe sitaitaja kwa jina. Sifa nitakazoipa na lawama nitakazoitupia zinazihusu kliniki nyingi za aina yake katika Kilimani na Hurlingham, mitaa ambayo Wachina wengi wameifanya makazi, na nadhani msomaji mwenye kiuno kibovu atafaidika zaidi akijua mambo ya kuuliza kuliko akijua mlango wa kubisha.

Kiuno changu kilianza kuniuma mwezi wa Mei, na ilipofika Julai, wakati baridi ya Nairobi inapopenya hadi kwenye uboho, nilikuwa siwezi kufunga kamba za viatu bila kuketi. Nimekuwa mwalimu kwa miaka thelathini na miwili, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeinamia insha za watoto wa watu. Hospitalini nilipigwa eksirei, nikaambiwa hakuna mfupa uliovunjika wala pingili iliyohama, nikaandikiwa vidonge vya kutuliza maumivu pamoja na mazoezi ya viungo. Mazoezi niliyafanya kivivu, na vidonge vilinichoma tumbo. Jambo jingine ambalo msomaji aliweke akilini, maana litarudi baadaye, ni kwamba nina shinikizo la damu na kila asubuhi nameza kidonge cha kulishusha.

Ukumbi wa kungojea ni safi, una viti sita, birika la maji ya moto ambayo mgonjwa hukaribishwa kunywa, na bango kubwa la mwili wa mwanadamu uliochorwa mistari ya rangi kutoka utosini hadi vidoleni. Chini ya bango imeandikwa kwamba tiba hii ina miaka 5,000. Hapo nilitabasamu. Huangdi Neijing, maandishi makongwe ambayo madaktari hawa huyataja kuwa msingi wa fani yao, yalikusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, na hiyo ni heshima ya kutosha bila ya kuongezewa mingine 3,000. Isitoshe, njia yenyewe haikunyooka hata kidogo. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliamuru tiba ya sindano iondolewe katika taasisi ya madaktari wa ikulu. Mwaka 1929 lilitolewa pendekezo mbele ya serikali ya China la kuikomesha tiba yote ya jadi, na waganga wakaandamana kulipinga. Na sura inayofundishwa leo, yenye vitabu vya kiada na mitihani, iliundwa kwa kiasi kikubwa katika miaka ya 1950 chini ya serikali ya Mao, iliyofungua vyuo vinne vya kwanza vya fani hiyo mwaka 1956. Kimojawapo kilikuwa Chengdu, na cheti cha daktari aliyenitibu, kilichotundikwa ukutani pamoja na leseni ya kliniki, kimetoka huko huko. Karatasi hizo mbili zilinipa imani kuliko bango.

Daktari ni mama wa makamo, mwenye maneno machache na mikono yenye joto. Kiswahili chake kinaishia kwenye "pole" na "lala," kwa hiyo mazungumzo yote yalipitia kwa binti mmoja Mkenya aliyejifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ile iliyofunguliwa mwaka 2005 ikiwa ya kwanza barani Afrika. Binti huyu, aliyeanza kuniita mwalimu mara tu alipoijua kazi yangu, ndiye hazina ya mahali pale. Hakutafsiri maneno peke yake; alingoja hadi aone kwamba nimeelewa, na pale daktari alipotumia neno lisilo na mwenzake katika Kiswahili, alisema hivyo bila ya kuona haya.

Uchunguzi ulichukua dakika arobaini, muda ambao sijawahi kupewa na daktari yeyote katika maisha yangu. Wanafunzi wa fani hii hufundishwa njia nne za kumchunguza mgonjwa, nazo ni kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kugusa. Niliulizwa kama maumivu huzidi alfajiri au jioni, kama kitambaa chenye maji ya moto huyapunguza, kama naamka usiku kwenda haja, kama jasho hunitoka nikiwa nimetulia, hata ladha ninayoitamani zaidi. Kisha binti akasema, "Mwalimu, daktari anaomba utoe ulimi," na ulimi wangu ukaangaliwa kwa makini kama hati ya mtahiniwa. Kwao ncha ya ulimi hueleza habari za moyo na mapafu, pande zake habari za ini, katikati habari za wengu na tumbo, na shina lake habari za figo. Wangu ulikuwa na utando mweupe mzito, ishara ya baridi na unyevu. Anayekusudia kwenda asiusugue ulimi kwa mswaki asubuhi hiyo wala asinywe kahawa kabla, kwa maana utando ukibadilika rangi daktari atausoma vingine.

Baada ya ulimi ukaja mshipa. Daktari aliweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wangu wa kushoto, akagusa kwa wepesi, akakandamiza kidogo, akakandamiza sana, akanyamaza. Kisha akahamia mkono wa kulia. Kila kidole husikiliza kiungo chake: kushoto moyo, ini na figo, kulia mapafu, wengu na figo kwa mara ya pili. Vitabu vya kiada huorodhesha aina 28 za mapigo, na langu lilielezwa kuwa limekazwa kama uzi wa udi kabla ya mpigaji kuanza. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyelelewa katika sauti ya taarabu, na nilielewa mara moja alichokusudia.

Ni hapa ndipo nadharia inapomtaka msomaji awe mwangalifu. Wengu anaousemea daktari wa Kichina si ule auonao mchinjaji wa Burma akipasua mbuzi. Ni jina la kazi ya kukigeuza chakula kuwa nguvu na kuisambaza mwilini, na ndiyo maana mtu aliyetolewa wengu kwa upasuaji, akaishi miaka mingi baadaye, haivurugi hoja yao hata kidogo. Vivyo hivyo chi, neno ambalo wengi hulifasiri kuwa nishati, lina maana ya pumzi, mvuke na mwendo kwa pamoja, nayo husemwa kwamba hupita katika mikondo mikuu kumi na miwili. Ikizuiwa mahali, mahali hapo huuma. Mti, moto, udongo, chuma na maji ni hatua tano zinazozaana na kudhibitiana, na kila moja ina kiungo chake, kuanzia ini la mti hadi figo za maji. Hakuna mpasuaji aliyewahi kuiona mikondo hiyo. Mimi naisoma kama ramani iliyochorwa na watu waliochunguza wagonjwa wengi bila ya kuruhusiwa kupasua maiti wengi.

Hata hivyo, nilipoambiwa jina la ugonjwa wangu nilishtuka kwa jinsi lilivyonigusa. Maumivu yangu yanaitwa bi, na husemekana kwamba yanatokana na upepo, baridi na unyevu vinapoingia mwilini pamoja na kuziba mikondo. Sisi nasi maradhi ya viungo tumeyaita baridi yabisi tangu zamani, jina tulilolipata kwa Waarabu, ambao nao waliirithi elimu ya hali nne, yaani joto, baridi, ukavu na unyevu, kutoka kwa Wagiriki. Mababu zetu walimlaumu upepo kama Wachina wanavyomlaumu. Tofauti iliyonichekesha ni kwamba baridi yetu ni kavu na yao ina majimaji. Nilimweleza binti, naye akamweleza daktari, na kwa mara ya kwanza daktari akacheka, akasema kwamba mbele ya bahari ya Mombasa ukavu unatoka wapi. Sikuwa na jibu.

Sindano zenyewe ni nyembamba, unene wake ni kama robo ya milimita, na kila mara zilitolewa kwenye pakiti iliyofungwa mbele ya macho yangu na kuishia katika sanduku la manjano la vifaa vyenye ncha. Msomaji asikubali utaratibu mwingine wowote. Sehemu za kuchomea zilizokubaliwa kimataifa ni 361, nazo hupimwa kwa mwili wa mgonjwa mwenyewe, upana wa kidole gumba chake ukiwa kipimo kimoja, ili mtu mrefu na mtu mfupi kila mmoja apate haki yake. Nilichomwa pande mbili za pingili ya pili ya kiuno, mahali panapohusishwa na figo, na nyuma ya magoti, mahali ambapo wanafunzi hufundishwa kwamba ndipo pa kutafutia dawa ya mgongo. Kuchomwa hakuumi. Kinachofuata ndicho kigeni: daktari huizungusha sindano taratibu hadi uhisi uzito wa ndani, ganzi inayotambaa, kama mtu anayekukandamiza kutoka upande wa pili wa nyama. Hisia hiyo kwao ni dalili kwamba chi imefika, na bila hiyo huichomoa na kuichoma upya. Baadaye unaachwa chini ya taa ya joto kwa dakika ishirini na tano. Mara mbili nililala usingizi nikakoroma, aibu ambayo binti aliificha kwa adabu.

Baada ya kikao cha tatu nilifunga viatu nikiwa nimesimama. Baada ya cha sita, maumivu ambayo hapo mwanzo ningeyapa saba kwa kumi nayapa tatu. Sidai kwamba ni sindano peke yake, kwa kuwa kumlipa mtu kila wiki kulinitia aibu nikaanza kuyafanya mazoezi ya hospitali kwa bidii. Lakini kuna uchunguzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2007 nchini Ujerumani ambao kila mwenye kiuno kibovu angepaswa kuujua. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walichomwa sindano kwa kufuata kanuni za Kichina, wa pili walichomwa juujuu mahali pasipo na maana yoyote katika kanuni hizo, na wa tatu walipewa dawa na mazoezi ya kawaida. Miezi sita baadaye, waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6, katika la pili 44.2, na katika la tatu 27.4. Nimeyarudia matokeo hayo mara nyingi nikiwa kitandani pale. Yanaonyesha kwamba aliyechomwa alifaidika kuliko aliyepewa vidonge, na pia kwamba mahali pa kuchoma, jambo ambalo bango zima ukutani limechorwa kwa ajili yake, halikuleta tofauti kubwa. Kama kitulizacho ni sindano yenyewe, au ni ile dakika arobaini ya kusikilizwa, au ni mkono wenye joto, kiuno changu hakibagui.

Kikao cha nne kiliongezewa vikombe, kwa shilingi 1,500 zaidi. Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa jambo hili. Bibi yangu aliumikwa kwa chuku, yaani pembe ya ng'ombe, na mwumishi aliyekuja nyumbani kwetu kila baada ya miezi michache, na leo hijama hufanywa Eastleigh kwa vikombe vya plastiki. Tofauti ni kwamba Wachina wengi huumika bila ya kuchanja: daktari huwasha pamba iliyochovywa spiriti, huipitisha ndani ya kikombe cha kioo kwa kufumba na kufumbua, na hewa iliyopashwa moto ikipoa humvuta mgonjwa ngozi na nyama. Ilinilegeza misuli vizuri sana, na mgongo ukabaki na miviringo ya zambarau kwa siku nane. Karani wa mapokezi aliniambia kwamba weusi huo ni sumu inayotoka. Lugha yetu ilikwisha kuona mbali iliposema kwamba mtu anayetia chumvi katika maneno yake anapiga chuku, kwa sababu huo ulikuwa ni damu tu ya vishipa vidogo vilivyopasuka chini ya ngozi. Siku hiyo hiyo nilifukizwa kwa msokoto wa pakanga iliyokaushwa, unaowashwa na kusogezwa karibu na ngozi bila ya kuigusa. Joto lake ni la kupendeza, ila chumba hakina dirisha la kutosha, na mwenye pumu atatoka akikohoa.

Basi sasa nifike kwenye dirisha la dawa, mahali ambapo kliniki hii iliniangusha. Mwisho wa siku ya kwanza nilipewa pakiti kumi na nne za unga wa hudhurungi, kwa shilingi 4,200, na kuelekezwa nichanganye moja na maji ya moto asubuhi na jioni. Juu ya mfuko kulikuwa na herufi za Kichina zilizoandikwa kwa kalamu na jina langu lililokosewa. Hapakuwa na orodha ya vilivyomo, tarehe ya kuharibika, wala nambari ya usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu. Nilipouliza ni nini, karani alijibu kwamba ni mitishamba tu na haina madhara. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba asilia na mbadala nchini na kuitaka serikali kuu itunge sera ya kuiongoza. Kutambuliwa huko hakumpi mtu ruhusa ya kuuza unga usio na jina.

Ilinichukua majuma mawili ya kudai kabla ya kupewa orodha. Binti aliiandika kwa mkono, na tukakaa ukumbini tukiifasiri pamoja. Ulikuwa mchanganyiko wa vitu kumi na vitano, kanuni iliyopokewa kutoka kwa Sun Simiao, tabibu mashuhuri wa karne ya 7, na inayotolewa hadi leo kwa wazee wenye viuno na magoti mabovu. Mdalasini nilimfahamu, na jinseng nayo. Viwili vilinifanya niiweke kalamu chini. Cha kwanza ni gancao, mzizi mtamu ambao Waarabu huuita sus, nao huonekana katika kanuni nyingi za Kichina kwa kuwa husemwa kwamba hupatanisha dawa nyingine. Ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, mzizi huo huufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu, na shinikizo la damu hupanda. Katika dakika arobaini za maswali, pamoja na lile la ladha ninayoitamani, hakuna aliyeniuliza nameza dawa gani nyumbani.

Cha pili ni xixin, mmea wa jamaa moja na ile yenye asidi ya aristoloki, sumu ya figo inayosababisha pia saratani. Tahadhari hii haikutoka hewani. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya wanawake mia moja waliharibika figo baada ya kumeza dawa za kupunguza uzito, ambamo mmea uitwao fangji ulikuwa umebadilishwa na mwingine uitwao guang fangji, wenye asidi hiyo. Majina yalikaribiana, na aliyepakia hakutofautisha. Mkasa wa namna hiyo hauwezi kugunduliwa mapema katika mfuko usio na maandishi.

Nilipoyasema haya kwa meneja, aliniuliza kama najua kwamba dawa ya malaria inayotumika Kenya ilitoka katika tiba ya Kichina. Najua, na alikuwa na haki ya kujivunia. Mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou aliutafuta mmea wa qinghao, ambao ni pakanga ya aina yake, katika mradi wa siri wa kijeshi ulioanza tarehe 23 Mei 1967. Akasoma katika maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4 kwamba ulowekwe majini na kukamuliwa, akang'amua kwamba kuuchemsha kulikuwa kukiiharibu dawa, akaitoa kwa etha, kiowevu cha kuyeyushia, yenye joto dogo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kenya iliichagua dawa mseto yenye asili hiyo mwaka 2004, na mimi mwenyewe imeniponya mara mbili. Lakini kila pakiti ya dawa mseto ina jina, kipimo kwa miligramu, tarehe na nambari ya usajili. Meneja alinipa mfano ulioisimamia hoja yangu.

Katika rafu za nyuma kulikuwa na masanduku mekundu ya ejiao, gundi inayopikwa kwa ngozi ya punda na kuuzwa kuwa ya kuongeza damu. Karani aliwanadia akina mama wawili mbele yangu. Mkenya anayekumbuka vichinjio vinne vya punda vilivyofunguliwa nchini, wizi wa punda uliofuata katika vijiji ambako mnyama huyo ndiye lori na ndiye mtungi wa maji, marufuku ya Februari 2020 na uamuzi wa mahakama wa 2021 ulioiondoa, atapita rafu hiyo akiwa amekunja uso. Umoja wa Afrika ulikubaliana kuzuia biashara hiyo ya ngozi mwaka 2024. Nikauliza na juu ya magamba ya kakakuona, nikajibiwa kwamba hawayauzi, na kwamba hata orodha rasmi ya dawa ya China iliyaondoa mwaka 2020. Jibu hilo lilikuwa sahihi, na nalisema kwa kuwa ni haki yao.

Kasoro nyingine ni ndogo. Maegesho ni ya magari matatu, na aendaye kwa matatu za Kawangware atafika kwa utulivu zaidi. Malipo hupokelewa kwa M-Pesa, risiti hutolewa ukiomba. Mara moja nilingoja saa nzima kwa kuwa vitanda vilikuwa vimejaa.

Jumanne ya sita niliingia na orodha yangu, gancao na xixin vikiwa vimepigwa mstari na daktari wangu wa hospitali. Mama wa Chengdu aliisoma, akaiweka mezani, akasema kupitia kwa binti kwamba kwa mgonjwa wa shinikizo yeye huviondoa vyote viwili, na kwamba ningepaswa kumwambia tangu siku ya kwanza. Nikamwambia kwamba hakuniuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akachukua fomu tupu ya wagonjwa wapya na kuandika mstari mmoja kwa Kichina chini ya maswali ya usingizi na jasho. Binti akaniambia kwamba ni swali la dawa anazotumia mgonjwa. Nimeweka miadi ya vikao vinne zaidi vya sindano. Pakiti kumi na nne bado zimo ndani ya droo yangu, hazijafunguliwa, na meneja amekataa kunirudishia shilingi 4,200.